Piano moja, sauti nne: tulivyoiunganisha na kiboksi cha MIDI, na nilivyoaibika kwanza

Nimekuwa adimu karibu mwezi mzima na wapo walioniandikia kunipongeza wakidhani nimepata kazi. Sijapata. Nilikuwa kwenye ukumbi wa parokia napambana na waya. Leo nataka niwaeleze nilichojifunza, kwa sababu nilitafuta maelezo yake kwa Kiswahili mpaka muda wa kafe ukaniishia mara tatu, sikuona kitu.

Chanzo ni hiki. Mpiga kinanda wa kwaya yetu ni mwalimu, na Januari alihamishwa kituo cha kazi. Akabaki mdogo wangu, yuko kidato cha tatu. Mkono wa kulia anapiga vizuri, wa kushoto bado unatambaa. Kinanda chenyewe ni piano ya dijitali tuliyopewa na mwanakwaya wa zamani: vitufe 88, vizito kama piano ya kweli, sauti tamu. Lakini haina ngoma, haina besi, haina yale mambo ya vinanda vya bendi ambavyo ukibonyeza kitufe kimoja kundi zima linatokea. Kamati ikaanza kunong'ona kwamba piano iuzwe, tukodi mpiga kinanda kutoka mjini kwa ajili ya Pasaka. Ikiuzwa, mdogo wangu hana tena pa kujifunzia. Nyumbani kwetu hakuna hata filimbi.

Mimi na mdomo wangu nikasimama kwenye kikao nikasema msiuze, piano hii ikiunganishwa na mashine nyingine kwa MIDI itapiga sauti zote nne na ngoma juu. Kiukweli nilikuwa nimesoma nusu ukurasa tu mtandaoni. Wakanipa shilingi 180,000 na wiki mbili.

Kosa langu la kwanza, ambalo nadhani wengi wanalo, lilikuwa kuamini kwamba waya wa MIDI unabeba sauti. Haubebi sauti hata chembe. Unabeba amri. Ukibonyeza C ya katikati, piano inatuma ujumbe wa vipande vitatu: "washa noti, chaneli ya 1", "noti namba 60", "imepigwa kwa nguvu 80". Ukiachia kitufe unatumwa ujumbe mwingine wa kuzima. Basi. Nani atatoa sauti, na iwe ya piano au ya tarumbeta, waya haujui na haujali. Ni kama karatasi ya nota: unaweza kuitia mfukoni na haipigi kelele mpaka apatikane wa kuimba. Ndiyo maana laptopu ikizima ghafla katikati ya wimbo unaweza kusikia noti moja inalia bila kukoma. Amri ya kuwasha ilifika, ya kuzima haikufika.

Lugha hii ilianza kuonekana hadharani Januari 1983 huko Marekani, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM, pale kinanda cha Sequential Circuits, Prophet-600, kilipounganishwa na Jupiter-6 ya Roland. Kampuni mbili shindani, za nchi mbili, vinanda vikaelewana. Nyuma ya kazi hiyo walikuwepo Dave Smith wa Sequential na Ikutaro Kakehashi wa Roland, na mwaka 2013 wote wawili walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi. Kakehashi alifariki 2017, Smith 2022. Nalisema hili kwa sababu moja: kiboksi cha mwaka 1991 na piano ya juzi vinazungumza lugha ileile. Kwa sisi wa mitumba hiyo ni habari njema sana.

Sasa chaneli. Hapa ndipo penyewe. Waya ni mmoja lakini ndani yake kuna chaneli 16. Kumbukeni mstarini asubuhi shuleni. Mwalimu wa zamu anasimama mbele na kutangaza: "Kidato cha pili B, leteni majembe. Kidato cha nne, maabara." Tangazo linasikiwa na wote, lakini anayeondoka ni yule aliyetajwa. MIDI iko hivyohivyo. Kila amri ina namba ya chaneli, na kila chombo kinasikia zote, kinatii ile kiliyoambiwa ni yake. Kwa hiyo sauti nne za kwaya zinakaa chaneli nne, kinanda kinakaa yake, ngoma inakaa yake. Kwa mpango wa General MIDI, uliotoka 1991, ngoma zinakaa chaneli ya 10. Usihamishe, utatafuta ubaya.

Mimi sikuwa najua hilo. Nikanunua ule waya wa USB wenye kijiboksi katikati na plagi mbili za pini tano, shilingi 35,000. Nikaazima laptopu ya katibu wa kwaya, nikapakua faili la MIDI la wimbo mmoja tunaoufahamu wote (nota nyingi za kwaya mtandaoni huwekwa na faili la MIDI pembeni), nikaunganisha laptopu na piano moja kwa moja. Jumamosi jioni, kwaya nzima imekaa, mwenyekiti wa kamati kakunja mikono. Nikabonyeza.

Wadau, sijui niwaelezeje. Zikatoka sauti zote nne kwa sauti ya piano, zimelundikana, husikii tena yuko wapi wala besi iko wapi. Hilo lingevumilika. Lakini chini kabisa kukawa na kitu kinagonga: du, du, kra, du. Mwalimu wetu wa kwaya akauliza, "Humo ndani kuna panya?" Kicheko kilichofuata mpaka leo nakisikia.

Panya alikuwa ni ngoma. Kwenye chaneli ya 10 noti namba 36 maana yake ni ngoma kubwa, namba 38 ni ile ndogo ya kukaanga, 42 ni kisahani kilichofungwa. Hizo ni namba tu. Piano yetu ilikuwa imewekwa isikilize chaneli zote, na yenyewe inajua kupiga piano tu, basi noti namba 36 ikaipiga kama piano ya chini. Ilitii amri ya mtu mwingine. Ni sawa na kidato cha pili B kwenda maabara na majembe.

Hapo nikaelewa kwamba kupiga sehemu nyingi kwa pamoja kunahitaji chombo kinachoweza kushika sauti tofauti kwenye chaneli tofauti kwa wakati mmoja. Piano nyingi za dijitali haziwezi, zinashika moja au mbili. Zipo zenye sauti zote 128 za General MIDI ndani yake, hizo hazina haja ya kiboksi. Utajuaje yako? Usiulize muuzaji. Nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji, pakua kitabu cha maelekezo, ni bure, kisha shuka kurasa za mwisho kabisa. Kuna jedwali limeandikwa MIDI Implementation Chart. Tazama safu ya Recognized, yaani yale ambayo piano inayasikia. Duara ni ndiyo, X ni hapana. Ukurasa mmoja ule ungeniokolea aibu yote ya Jumamosi.

Jumatatu nikaanza kutafuta kiboksi cha sauti. Nilikipata kwa kijana mmoja aliyenunua vyombo vya studio iliyofungwa: Roland SC-55, maarufu kama Sound Canvas, toleo la 1991. Kina sehemu 16, maana yake wapigaji 16 ndani ya kiboksi kimoja, na kinatoa hadi sauti 24 kwa pamoja. Shilingi 115,000 baada ya kubembelezana sana. Adapta yake ilikuwa imepotea. Fundi redio akalinganisha mchoro wa + na − ulio nyuma ya kiboksi na ule wa adapta, na ya kwanza aliyoitoa ilikuwa kinyume. Ningeichomeka bila kutazama leo nisingekuwa naandika haya, ningekuwa nalima shamba la mwenyekiti.

Mpango niliofunga ni huu, fuateni polepole. Kutoka laptopu, plagi ya OUT ya ule waya wa USB inaingia IN ya kiboksi. Kutoka THRU ya kiboksi, waya mwingine wa pini tano unaingia IN ya piano. THRU kazi yake ni kupitisha nakala ya kila kilichoingia IN bila kukigusa, kwa hiyo piano inasikia kila ambacho kiboksi kinasikia. Mwanzoni nilichomeka OUT ya kiboksi badala ya THRU, piano ikawa kimya kama imenuna. Mwisho, OUT ya piano inarudi kwenye plagi ya IN ya waya wa USB ili laptopu isikie anachopiga mdogo wangu. Kanuni haibadiliki: OUT inaingia IN, mdomo unaelekea sikio. Ila waya hizi za bei nafuu zinachanganya. Kwenye nyingine neno IN maana yake ni "hii ndiyo IN yangu", kwenye nyingine ni "nichomeke kwenye IN". Ikigoma geuza plagi, hakuna kitakachoungua.

Nikawasha. Kiboksi hiki kina kioo cha rangi ya chungwa chenye vijistari 16, kimoja kwa kila sehemu, vinapanda na kushuka muziki ukipiga. Vikaanza kucheza vizuri sana. Sauti? Kimyaa. Nikahangaika robo saa nikibadilisha waya za MIDI, mpaka mdogo wangu akauliza taratibu, "Kaka, sasa hii sauti inatokea wapi?" Mnaona? Mimi niliyewaambia hapo juu kwamba MIDI haibebi sauti, nilikuwa bado naisubiri sauti itokee kwenye spika za piano. Kiboksi kinahitaji waya wake wa sauti kwenda kwenye mixa, au kwenye tundu la AUX IN la piano kama unalo. Vijistari vikicheza na sauti hakuna, acha kugusa MIDI. Amri zimefika. Tatizo liko kwenye waya wa sauti au kitasa cha sauti kimeshushwa.

Baada ya hapo nikagawa kazi. Kinanda chaneli ya 1, soprano ya 2, alto ya 3, tena ya 4, besi ya 5, ngoma ya 10. Piano nikaiambia isikilize chaneli ya 1 tu. Kwetu inafanyika kwa kushikilia kitufe cha kazi na kubonyeza kitufe fulani cha piano, kitabu kinaonyesha. Kwenye kiboksi nikaifunga sehemu ya 1 mdomo, la sivyo piano na kiboksi vinapiga kitu kilekile kwa pamoja na inasikika kama watu wawili wanabishana. Tena wetu, ambao tangu niwafahamu hupotea ubeti wa pili, nikawawekea sauti yao peke yake kwa ogani, nikapunguza mwendo. Ukipunguza mwendo wa MIDI sauti haishuki wala haivutiki kama kaseti inayoisha betri, maana ni amri tu zinazotumwa taratibu. Siku ile walishika wimbo mzima. Mwalimu hakucheka tena.

Jambo dogo lakini linasumbua: namba za sauti. Vitabu vingine vinahesabu kuanzia 1 mpaka 128, programu nyingine kuanzia 0 mpaka 127. Tarumbeta ni 57 na inayofuata, 58, ni trombone. Ukiandika 57 kwenye programu inayoanza na 0 unapewa trombone. Punguza moja, endelea na maisha.

Nyimbo ambazo hazina faili mtandaoni ilibidi tuzirekodi wenyewe. Mdogo wangu anapiga soprano kwa mkono wa kulia, tunarudi mwanzo, anapiga alto juu yake, hivyohivyo mpaka besi. Mkono mmoja, sauti nne. Hapo ikatokea kasheshe ya mwisho. Alipoanza na sehemu ya kinanda, kila noti ikawa inalia mara mbili, kama anapiga ndani ya pipa. Sababu ni kwamba piano inapiga noti yenyewe, pia inaituma kwa laptopu, na laptopu inairudisha kupitia kiboksi mpaka kwenye piano, nayo inaipiga tena. Na kila noti ikihesabiwa mara mbili, akiba ya sauti za piano inakwisha upesi, noti za mwanzo zinakatika.

Dawa yake inaitwa Local Control. Ukiiweka Off, vitufe vya piano vinatengana na sauti za piano. Vitufe vinatuma amri nje tu, sauti zinasubiri amri kutoka nje tu. Pipa likaondoka. Nikafurahi, nikafunga laptopu, nikaenda kula.

Nikiwa na tonge mkononi nikapigiwa simu. Mwalimu yuko ukumbini, anabonyeza piano, taa zinawaka, haitoi hata kikohozi. "Njoo uone ulichofanya." Nilipofika mwenyekiti alikuwa ameshaitwa na neno "fundi wa kweli" limeshatajwa. Nikazima piano, nikawasha, ikalia. Local ilikuwa Off na laptopu imefungwa, kwa hiyo hapakuwa na wa kurudisha amri. Piano nyingi ukizizima na kuwasha zinarudi On zenyewe. Umeme ukikatika pia, na hapo yetu inasahau hata chaneli niliyoipangia. Nimebandika karatasi ubavuni mwa piano: chaneli ya 1, Local Off wakati wa kurekodi, On ukimaliza. Anayeisoma ni mimi tu, lakini ipo.

Kabla hamjakimbilia kununua, tazameni matundu ya piano yenu. Piano nyingi za miaka ya karibuni hazina tena matundu ya pini tano, zina USB ya mraba tu, pengine pameandikwa TO HOST. Hiyo huwezi kuichomeka kwenye kiboksi kama changu, hata upate waya wa kuunganisha maumbo. USB inataka mwenyeji, yaani kompyuta, na piano ni mgeni. Kiboksi nacho hakijui USB kabisa. Katikati ni lazima akae mwenyeji: laptopu, au simu. Android kuanzia toleo la 6, la mwaka 2015, inaelewa MIDI kama simu yako inakubali ule waya wa OTG. Na kama unayo laptopu basi kiboksi chenyewe si lazima. Windows ina wapigaji wake wa ndani, wanaitwa Microsoft GS Wavetable Synth, na ipo programu ya bure ya FluidSynth ambayo unailisha faili la sauti unalolipenda. Kwa kusikiliza tu zinatosha. Kwa kupiga papo kwa papo huyo wa Windows anachelewa, unabonyeza sasa anajibu baadaye kidogo, mpigaji anachanganyikiwa. Ndiyo sababu mimi sijutii ile 115,000.

Hesabu kwa kamati: waya wa USB 35,000, kiboksi 115,000, waya wa pini tano 15,000, waya wa sauti 10,000. Adapta fundi alinipa kwa kumfutia virusi kwenye flashi. Nikarudisha chenji 5,000 na risiti ambazo nusu niliziandika mwenyewe kwa kalamu, wauzaji wetu mnawajua.

Na Pasaka? Kwenye misa hatukuwasha mashine. Mwalimu alikataa, na nilikubaliana naye. Tulijaribu kwenye mazoezi: kwaya ikivuta pumzi kidogo kabla ya kiitikio, au yeye akiinua mkono kuwasubirisha, mashine haimuoni, inaendelea mbele peke yake. Hivyo mazoezi yote tulifanya na kiboksi, kila sauti ikajifunza yake, na mdogo wangu akajifunza mkono wa kushoto kwa kufuatisha ile besi aliyoirekodi mwenyewe taratibu. Mkesha alipiga peke yake, mikono miwili, nyimbo sita. Aliteleza kwenye mbili. Kamati haijataja tena kuuza piano, ingawa mwenyekiti sasa anataka kiboksi kipige ngoma kwenye harusi ya mwanawe.

Muda wangu hapa umebaki dakika sita. Mwenye swali aweke chini, nitajibu Alhamisi. Ila tafadhali andika jina na namba ya modeli iliyo nyuma ya piano yako. Mara ya mwisho nilipoandika habari za vinanda mdau mmoja aliniuliza kuhusu "piano nyeusi" na bado namtafuta.